Mlio wa Tatu

Hilkia alipotupwa hakupiga kelele. Alikuwa fundi mawe aliyeutunza ukuta wa Hekalu tangu ujana wake, na sasa kichwa chake kilipasuka kwenye barabara iliyo chini ya ukuta huo huo.

"Huyo wa kwanza," alisema Malku, akijipangusa mikono. "Haya kuhani, tarumbeta hiyo hapo. Piga."

Yoezeri alikuwa amepiga magoti juu ya pembe ya ukuta, damu ikimtoka puani. Kwa miaka kumi na tisa, kila Ijumaa jioni, alisimama kwenye jiwe hili la pembe akapiga mara tatu: mlio wa kwanza watu waache mashamba, wa pili maduka yafungwe, wa tatu taa ziwashwe, Sabato imeingia. Sasa Hekalu lilikuwa majivu. Warumi waliwagawia mateka mitaimbo, wawang'olee ukuta jiwe kwa jiwe na kuyaporomosha mawe yake barabarani.

Malku hakuwa Mrumi. Alikuwa Msiria aliyeuza vitunguu hapo chini kabla ya kujiunga na jeshi lao, ndiyo maana alijua mengi.

"Miaka kumi na miwili umenifungisha duka, mzee, vitunguu vinaniozea. Leo nifungulie mlango mmoja tu. Wenzako wamejificha kwenye mfereji chini ya barabara. Wakikusikia watasema Mungu wao karudi nyumbani. Watatoka wanaimba, wajinga wale!"

Alisema kweli, mlaaniwa yule. Moto ulipofika patakatifu bado walikuwapo waliosubiri muujiza, na Yoezeri alikuwa mmoja wao. Ndiye aliyemshusha mkewe Shelamsioni mferejini kwa mikono yake, akamwambia, "Usitoke mpaka unisikie. Milio ikitimia mitatu, ujue Hekalu ni letu." Ujinga ulioje! Ulimuuma kuliko vidole vyake vilivyovunjwa asubuhi.

"Sipigi," alisema.

Mateka wa pili, mwokaji mikate mnene, aliita watoto wake kwa majina, wote watano, mpaka barabara ikamnyamazisha. Wa tatu alishikwa nywele akaburutwa ukingoni.

"Kuhani, ndugu yangu, piga! Nakuomba, piga!"

Akapiga. Mdomo uliochanika ulitoa mlio mrefu, safi kama wa Ijumaa yoyote. Akapiga wa pili.

Barabarani, chini kabisa ya pembe, bamba la jiwe lililofunika mfereji likainuka. Wakachomoza wamekonda, wameinua mikono, wengine wakilia kwa furaha. Askari waliojibanza kwenye maduka yaliyoungua wakawarukia. Bibi kizee alipigwa mkuki akiwa bado anatabasamu. Mwanamume alikatwa shingo mguu mmoja ukiwa mferejini. Yoezeri aliijua kila sura. Hao aliwaua yeye, kwa pumzi yake.

Shelamsioni hakuwamo. Mwanamke yule alikuwa mbishi, neno analishika kama lilivyosemwa, na tabia hiyo ilikuwa imemkera mumewe miaka yote ya ndoa yao. Kaambiwa mitatu, atangoja mitatu.

"Msiingie!" Malku aliwapigia askari kelele. "Humo mtachomwa visu gizani. Waacheni watoke wenyewe." Kisha akageuka. "Bado wa taa, mzee. Usinipunje."

"Wa tatu hupigwa kwa kusimama juu ya jiwe lenyewe," alisema Yoezeri. "Miguu haina nguvu. Nishikilie."

Malku alijua mengi, lakini mitaimbo ambayo mateka walikuwa wameshaipenyeza chini ya jiwe hilo hakuiona. Alipanda, akamshika mshipi. Yoezeri aliinua tarumbeta, akavuta pumzi, akaikita kwenye jicho la Msiria kwa nguvu zake zote na kumkumbatia. Mateka wakaelewa. Wakailalia mitaimbo kwa vifua vyao, na jiwe la pembe likaondoka na wote wawili.

Lilitua juu ya mdomo wa mfereji, likauziba kabisa na kuwaponda askari watatu waliokuwa wameinama kuchungulia.

Huko chini giza likawa zito. Shelamsioni alikuwa amehesabu miwili. Alisubiri wa tatu kwa muda mrefu sana, akiwazuia wenzake kwa mikono yote miwili. Haukulia. Basi akafuta machozi, akatangulia, wakatambaa kwenye uchafu kuelekea mfereji unakotokea, bondeni.