Gari la Kunipeleka Kanisani

Niliwaambia mapema: mimi nataka gari la kunifikisha kanisani tu, mengine mtabishana baada ya ndoa. Nani alinisikiliza? Baba na kaka yangu Paschal wakianza habari za magari, hata nyumba ikiungua hawatoki.

Baba ana pikapu aliyoanza kubebea pamba mimi sijazaliwa. Kwake hilo ndilo gari. Haya ya kisasa anasema ni plastiki iliyopakwa rangi. Paschal, mtu wa ofisini Bariadi, ana gari jipya la kuwasha kwa kitufe, na pikapu ya baba anaiita skrepa. Wiki nzima walinigombania. Mwishowe nikaamua mwenyewe: napanda la Paschal kwa sababu lina kiyoyozi, baba atufuate nyuma. Alinuna, ila akakubali, maana yeye ndiye wa kunishika mkono kuniingiza kanisani. Aliniahidi hilo siku tuliyomzika mama, na mimi nililisubiri kuliko hata keki.

Padri Januarius naye alishasema: saa nne, baada ya hapo ana mazishi.

Tulitoka nyumbani Sola vizuri. Tulipokaribia Bariadi, Paschal akaacha lami akashika njia ya mkato ya mashambani, eti gari lake halichagui barabara. Kwenye udongo mweusi uliolowa mvua, taa nyekundu ikawaka na gari likazima. Akabonyeza kitufe. Kimya. Likaandika kwamba halioni ufunguo, na ufunguo huo hapo mkononi mwake!

Baba akasimama nyuma yetu, akazima pikapu, akashuka kuja kucheka. Jamani, alicheka! "Muulize limekasirikia nini! Ng'wanone, binti yangu, njoo upande gari."

Nikakusanya gauni, nikakanyaga tope na viatu vyeupe, nikapanda pikapu. Baba akazungusha ufunguo. Wapi! Betri imekufa. Pikapu ile siku zote huwashwa kwa kusukumwa, naye anajua, na kwenye tope lile isukumwe na nani? Asingezima ili aje kucheka, tungekuwa tumeshaondoka.

Ikawa zamu ya Paschal kucheka. "Chuma hicho, baba! Chuma cha pua!"

"Nyie!" nikapiga kelele. "Mimi naolewa leo!"

Wakanigeukia, halafu wakaendelea kubishana.

Bodaboda ikapita, nikaisimamisha. "Baba, panda nyuma yangu, twende mishikaki, watatu hivyo hivyo."

Akaitazama bodaboda, akaitazama pikapu, akamtazama Paschal. "Nikiiacha hapa, huyu atasema imeshindwa. Tangulia. Nakukuta mlangoni."

Nilisimama mlangoni mwa kanisa, gauni limejaa tope mpaka magotini. Padri akatazama saa. Mimi nikatazama barabara. Shangazi Milembe akasema niingie na mume wake, nikakataa. Padri akaniita kwa mkono. Nikaingia peke yangu, nalia kwa hasira, na watu wakadhani ni furaha.

Tulipotoka, vigelegele vimepamba moto, pikapu ikaingia uwanjani inavuta gari la Paschal kwa kamba ya ng'ombe. Baba katoa ngumi dirishani. "Mmeona nani anamvuta nani?"

"Kwa betri yangu!" Paschal akafoka kutoka nyuma. "Bila betri yangu ungelala pale!"

Baba akashuka, suti yote tope, akajipangusa haraka haraka, akanijia anatabasamu. Akaukunja mkono wake wa kulia ili niushike.

"Haya, ng'wanone, sijachelewa sana. Twende nikuingize."

Mume wangu akakohoa. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia baba, niliyapanga njia nzima nikiwa kwenye bodaboda. Nikamwonyesha pete tu.

Akaitazama. Akawatazama watu wanaotoka kanisani, na padri aliyekuwa anapanda pikipiki kwenda mazishini. Habari za magari zikamwisha mdomoni. Mkono wake ulibaki umekunjwa vile vile.