Majaribio ya Alhamisi

Adila alimwona Twalib kabla Twalib hajamwona yeye. Alikuwa amesimama na meneja wake, Mama Klementina, kwenye kibaraza cha ofisi za kiwanda cha kusindika mananasi pale Kiwangwa, wakiwasubiri watu wa kampuni ya pili iliyoomba zabuni ya kuwafungia mtandao wa waifai, waje kukagua majengo. Gari liliingia getini, mlango wa nyuma ukafunguka, akashuka mwanamume mwenye shati la buluu lililopigwa pasi sawasawa, amekumbatia boksi la vifaa kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Huyo alikuwa mumewe wa zamani, baba wa mwanawe Nasrin, mtu aliyempa talaka kwa ujumbe wa simu miaka mitatu nyuma, akiwa Mwanza alikokwenda kutafuta kazi.

Katika nyaraka zote za kampuni ile hapakuwa na jina lake. Adila angejua, angejiandaa, hata kama ni kwa kuomba ruhusa ya kuumwa.

Twalib alipanda ngazi, akamwamkia Klementina kwa adabu, kisha akageuka. Akasita.

"Mnafahamiana?" Klementina akauliza. Alikuwa mama wa makamo asiyepitwa na jambo.

"Hapana, mama," Adila akajibu.

Neno lilimtoka lenyewe, na lilipokwisha kutoka halikuwa na njia ya kurudi. Twalib alimtazama kitambo kidogo. Kisha akaweka boksi chini, akasema, "Habari za kazi, dada," kwa sauti ya mtu anayemsalimu karani wa benki.

Adila hakuwa mwongo kwa tabia. Lakini alikuwa mgeni katika kazi ile ya ofisa manunuzi. Klementina alimchukua yeye akawaacha watu wenye uzoefu mrefu zaidi, na tangu hapo kila alipoamka alihisi kama yuko kwenye usaili ambao haujaisha. Zabuni ya mtandao ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Angesema kwamba mmoja wa wauzaji alikuwa mumewe, angenyang'anywa siku hiyohiyo. Na kingine, kilichomchoma zaidi, ni kwamba hakuna mtu pale kiwandani aliyejua habari ya talaka yake. Alitaka ibaki hivyo.

Zabuni yenyewe haikuwa ya mchezo. Msimu uliopita skana za kusomea lebo za kreti zilikuwa zikipoteza mtandao kila zikiingia ghala la baridi. Kreti za wakulima wa Kiwangwa zikasomeka kama za Makurunge, za Makurunge zikawa hazina mwenyewe, na mnunuzi wa ng'ambo, anayetaka kujua kila nanasi limetoka shamba la nani, akaikataa shehena nzima. Wakulima walikaa muda mrefu wakija getini kuulizia haki yao. Klementina ndiye aliyekuwa akitoka kuwakabili. Kwa hiyo safari hii alisema waziwazi kwenye kikao, "Maneno matamu ya wauzaji siyataki. Nataka kila kampuni ifunge vifaa vyake, dereva wetu Ishaka aendeshe foklifti ya kubebea kreti, yenye skana, kutoka banda la kupokelea mpaka mwisho wa ghala, na skana isikatike hata mara moja."

Kampuni zilibaki mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Bwana Ferdinandi, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Mtandao wake ulisimamiwa kutoka mbali kupitia intaneti: kifaa kikizimika Kiwangwa, fundi aliyeko Dar es Salaam anakiona na kukitengeneza bila kuinuka kwenye kiti. Ubaya wake ni ada ya kila mwaka, ambayo usipoilipa huwezi kubadilisha chochote kwenye vifaa ulivyokwisha kununua. Ya pili, ya akina Twalib, haikuwa na ada. Mtambo wa kuongoza mtandao ungekaa palepale kiwandani, na dhamana yake ilikuwa ndefu. Lakini mtambo huo ukiharibika, lazima fundi asafiri, na kiwanda kisubiri. Adila alizipima kwa kasi, kwa usalama, kwa idadi ya simu na kompyuta zinazoweza kuingia kwa pamoja. Ofisini zilikwenda sambamba. Likabaki ghala.

Ferdinandi alifanya majaribio yake Jumanne. Siku moja kabla, malori yalikuwa yamepeleka mzigo bandarini, na ndani ya ghala mlikuwa na safu chache tu za kreti. Ishaka alikwenda na kurudi, skana ikaitika kila mara. Ferdinandi akampongeza hata mlinzi.

Twalib alipewa Alhamisi. Mavuno yalikuwa yamechanganya. Tangu asubuhi pikapu zilipanga foleni mpaka barabarani, na kufika mchana ghala lilikuwa limejaa mpaka juu, kreti juu ya kreti, zimebaki njia za kupita foklifti tu. Adila alisimama mlangoni, ubaridi ukimpiga usoni, na jambo alilofundishwa chuoni likamjia bila kuitwa: maji humeza mawimbi ya mtandao. Na nanasi ni nini kama si maji yaliyofungwa ndani ya ganda? Ghala tupu na ghala lililojaa si ghala moja. Ilitosha kusema, "Tuahirishe mpaka mzigo utoke," au, "Tumrudishe na Ferdinandi." Hakusema.

Twalib alimaliza kufunga visahani vyeupe vya kurushia mtandao kwenye kuta, akashuka kwenye ngazi akijifuta mikono.

"Dada, samahani. Siku ya wenzetu ghala lilikuwa limejaa hivi?"

"Vigezo ni vilevile kwa wote," Adila akasema, akiangalia karatasi zake.

Ishaka akaingia na foklifti. Kwenye safu ya tatu akapaza sauti, "Imekata!" Ikarudi. Mwisho wa ghala akapaza tena, "Imekata, na hairudi!" Walirudia, na ikawa yaleyale. Twalib alisimama ameshika kiuno, shati lake la pasi limeingia vumbi mgongoni, na Adila alipoandika kwamba kampuni haikufaulu alisikia utamu fulani ukimpanda kifuani. Ulikuwa utamu kweli. Ndio uliomtia hofu.

Jioni, Twalib akipakia vifaa vyake, walijikuta wawili kwenye ujia wa ofisi.

"Umenikana mbele za watu," akasema kwa sauti ya chini. "Nimenyamaza kwa ajili yako, si kwa ajili yangu."

"Sikukuomba unyamaze."

"Hukuniomba." Akainua boksi. "Mama Nasrin, nina jambo moja tu nataka kukuuliza. Hili la ghala—" Kisha akatikisa kichwa. "Basi. Msalimie mtoto."

Ijumaa Adila aliandika ripoti, jioni akarudi nayo kwenye begi nyumbani kwake Bagamoyo mjini. Siku mbili za mapumziko hazikumpumzisha. Alifua nguo zilizokuwa safi. Alipika wali ukaungua chini, akaukwangua na kuuweka mezani bila kusema kitu. Kila alipojiambia kwamba Twalib ameshindwa kihalali, sauti nyingine ilimwuliza kwa nini basi hakumjibu swali lake. Je, alinyamaza kwa kuogopa kuonekana anampendelea? Au alikuwa akimlipiza? Alijichunguza kila upande na hakupata jibu, na kutojua huko kulikuwa kubaya kuliko jibu lolote.

Jumapili mchana Nasrin alikuwa mkekani akiongea na baba yake kwa simu. Alipokata akasema, "Mama, baba alikuja kazini kwako!"

"Amekwambia nini?"

"Kasema kazi yako unaiweza."

Adila akaingia chumbani, akaufunga mlango, akakaa kitandani.

Jumatatu asubuhi aliiacha ripoti mezani kwa Klementina, na baadaye Klementina akamwita. Ripoti ilikuwa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii kazi nzuri, Adila. Inasomeka. Hata suala la ada umelieleza vizuri, nitakwenda kumbana Ferdinandi. Mchana naitia sahihi."

Adila alishukuru, akatoka. Alifika mezani kwake, akafungua kompyuta, akaifunga. Alijiambia kwamba akinyamaza mpaka mchana, basi jambo limekwisha. Hakuna mtu mwingine anayejua. Kisha akaona kwamba hilo hasa ndilo lililomtisha: kwamba litakwisha, na atabaki nalo. Alisimama kabla hajabadili nia, akarudi kwenye mlango wa meneja, akagonga.

"Mama, usitie sahihi."

Alieleza amesimama, mikono nyuma. Kwamba Twalib alikuwa mumewe. Kwamba alidanganya pale kibarazani. Kwamba Jumanne ghala lilikuwa karibu tupu na Alhamisi limejaa, na kwamba alijua nini maana yake, na muuzaji akamwuliza, naye akamzungusha.

Alipokwisha, Klementina alivua miwani.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza mbele yake, mnafahamiana?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikutetea kwa wakurugenzi, Adila. Walisema huna uzoefu, nikasema huyu binti ni mkweli, mengine atajifunza." Akaisukuma ripoti kando. "Ulifanya kusudi?"

"Sijui, mama. Wallahi sijui. Ningejua ningekwambia."

"Rudi ofisini kwako. Kazi hii si yako tena."

Klementina aliziita kampuni zote mbili zirudi, zifunge vifaa vyao kama zilivyofunga mwanzo, ghala likiwa limejaa. Safari hii angesimamia yeye mwenyewe, pamoja na Ishaka. Adila aliambiwa asikanyage huko. Siku ya kurudia alikaa ofisini, dirisha wazi, akisikia mlio wa foklifti ikirudi nyuma, kisha kimya, kisha mlio tena. Habari zilikuwa zimeshaenea. Akina mama wa kumenya walipita ujiani na ndoo zao, sauti zikashuka walipofika mlangoni kwake, zikapanda walipopita. Aliomba Mungu Twalib ashinde, ili ijulikane kwamba alimdhulumu na amemlipa. Kisha akaomba ashindwe, ili wasije kusema kwamba mke ametafuta njia ya kumrudishia mumewe mkate. Mwisho akaacha kuomba, maana hakujua anaomba nini.

Mlango ulisukumwa. Alikuwa Klementina, ana koti zito la ghalani begani.

"Mtandao wa Ferdinandi haukukatika. Wa pili umekatika kama siku ile."

Adila hakuelewa mara moja. "Na ghala limejaa?"

"Limejaa vilevile. Ferdinandi alitundika visahani vyake juu ya njia, vinatazama chini katikati ya safu. Mumeo wa zamani kaviweka ukutani. Anasema alipokuja kukagua ghala lilikuwa tupu, hakufikiria. Mwenzake alikuja mara mbili."

"Kwa hiyo matokeo ni yaleyale."

"Matokeo, ndiyo," Klementina akasema. "Lakini leo nikiulizwa nina la kujibu. Wiki iliyopita nisingekuwa nalo." Akaondoka bila kuongeza neno, na Adila hakujua kama hiyo ilikuwa nafuu au adhabu.

Twalib alikuwa nje kwenye gari. Adila alitoka akamfuata, watu wakiona, kwa kuwa hapakuwa tena na cha kuficha.

"Nimesikia ulikwenda kukiri mwenyewe," Twalib akasema.

"Nilikuwa nimekudhulumu."

"Umenirudisha ili nishindwe mara mbili, Adila. Bosi wangu anataka kujua kwa nini sikusema kwamba mnunuzi alikuwa mke wangu. Nitamjibu nini?"

Hakuwa amelifikiria hilo. Katika hofu yake yote hakuwa amefikiria kwamba na Twalib ana bosi. "Mwambie mimi ndiye niliyeanza," akasema.

"Nitamwambia wote wawili tulinyamaza." Aliwasha gari, akalizima. "Alhamisi ile nilikasirika sana. Njia nzima mpaka Bunju nilikuwa nakutukana moyoni. Leo sina wa kumtukana. Vile visahani niliviweka mwenyewe." Akacheka kidogo, bila furaha. "Ijumaa nitakuja kumchukua Nasrin, kama huna neno."

"Sina neno."

Adila alipewa barua ya onyo, akaitia sahihi. Mkataba ulikwenda kwa Ferdinandi, na Klementina alimbana kweli juu ya ada mpaka kicheko chake kikapungua. Wiki zikapita. Meneja alimsalimu kila asubuhi, akampa kazi ndogondogo, gundi na glavu na sabuni, na Adila kila siku alikwenda nyumbani bila kujua kama kesho atakuta meza yake.

Kisha siku moja akaitwa. Kiwanda kilitaka kufungua kituo cha kukusanyia mananasi Miono, na pale napo patahitajika mtandao, na umeme wa jua, na mtu wa kulinganisha wauzaji.

"Nataka wewe uende," Klementina akasema. "Ila kabla hujaanza, niambie unamjua nani huko."

Adila akaanza kuhesabu kwa vidole. "Mlinzi wa godauni la ushirika, mzee Ridhiwani, ameoa kwa binamu ya mama yangu. Fundi mmoja wa umeme wa jua tulisoma naye chuo, hatukuwa marafiki, lakini aliwahi kunikopesha kitabu. Diwani simjui, ila mkewe nilimwona msibani. Na kuna shangazi yangu wa mbali, Kibibi, anauza maandazi karibu na stendi, nikipita nitamnunulia, nami sijui kama—"

"Adila."

"Abee, mama."

"Muuza maandazi mwache," Klementina akasema, na akainamia karatasi zake haraka, lakini Adila aliwahi kuona mdomo wake ukipinda. "Huyo fundi, niandikie jina lake. Gari linaondoka saa mbili."