Ua la Kitanda cha Bibi Harusi

Msumeno wa umeme ulipomkata Fundi Wahdan vidole vya mkono wa kulia, karakana yake pale Damietta, Misri, ilifungwa, na ndani vikabaki kitanda cha bibi harusi na kabati lake, havijamalizika. Mafundi wenzake wakaleta mchele na samaki. Wahdan akavirudisha.

"Mimi si ombaomba," akamwambia mkewe, Insaf, akageukia ukuta.

Insaf akamwomba Mungu amlainishe moyo kabla watoto hawajalala njaa.

Baada ya swala ya alasiri akaja Bayumi, mshindani wa mumewe tangu ujana, akaomba ufunguo wa karakana iliyokuwa chini ya nyumba, akaingia na mafundi wale. Punde nyundo zikasikika huko chini.

"Wahdan!" Bayumi akapaza sauti. "Ua la kitanda chako nimelichonga mimi. Njoo ulione, usije ukafa hujaona kazi safi!"

Wahdan akashuka na bandeji yake, Insaf nyuma yake.

"Hilo ua au kabichi? Nani kakufundisha, mkeo?"

"Basi nielekeze, bwana mkubwa."

"Shika patasi hivi. Polepole! Fuata nyuzi za mbao!"

Akafoka hadi magharibi, na mafundi wakachonga kwa maneno yake. Kitanda kikiisha, watoto watakula jasho la baba yao.

Insaf alijua kwamba Bayumi hakuwahi kukosea ua maishani mwake. Alipompa chai akamnong'oneza, "Mungu akulipe, shemeji, kwa kabichi lako."

"Nyamaza, Mama Karam. Kesho namharibia miguu ya kabati."