Mguu Uliobebwa

Mume wangu Kambi alikuwa mgema, na kwetu Kibarani mgema hapandi mnazi kimya. Mabafu yetu ni ya makuti, hayana paa, na mtu akiwa juu ya mnazi anaona mpaka sabuni uliyoishika. Kwa hiyo kabla hajafika katikati ya shina lazima apige ukelele, walio chini wajistiri. Kila mgema ana ukelele wake. Wa Kambi ulikuwa huu: "Hodi chini! Walio bafuni wajifunike, jicho langu halina pazia!" Miaka kumi na tisa niliusikia asubuhi, mchana na jioni, na kila mara nilimjibu kwa tusi dogo la kimke, nikaendelea kuoga. Sikujua kwamba nitakuja kuutamani mpaka nilie.

Alianguka mwezi wa Julai, mwaka wa themanini na tano. Mgema hukata vidato kwenye shina, vijingazi vya kuwekea mguu, na siku hiyo kimoja kilikuwa kimelowa mvua. Mimi nilikuwa natwanga palepale chini. Kwanza niliisikia kotama, kile kisu chake cha kugemea, ikigonga ardhi. Kisha nikamsikia yeye. Hata sasa nikisema mwili unanisisimka, basi tusikae hapo sana.

Mfupa wa paja la kulia ndio uliovunjika. Hospitali walimtundika mguu wiki kumi na mbili, na waliponirudishia mume wangu, paja lile lilikuwa limenywea, nalizungusha kwa viganja viwili na vinakutana. Hilo nililitarajia kidogo. Ambalo sikulitarajia ni ule ukimya. Kambi alikuwa mtu wa kushuka mnazini na habari: nani anapika nini, mbuzi wa nani yuko kwenye mihogo ya nani, feri ya Mnarani imejaa au imeharibika. Nilikuwa nikimwambia, "Baba Kavumbi, wewe ni mgema au ni redio?" Sasa alikaa barazani akiutazama mnazi wake mrefu, ule wa nyuma ya bafu uliomwangusha, na ukimsalimu anaitika kwa kichwa. Nilimkumbuka mume wangu naye yupo mbele yangu, anakula chakula changu.

Kaka yangu Kahindi ndiye aliyetuletea ile baiskeli. Alikuwa mtunza bustani Malindi kwa Mwitaliano mmoja mwenye tumbo, na Mwitaliano huyo aliagiza baiskeli ya mazoezi alipunguze. Akaipanda mara mbili, kisha akaifanya ya kuanikia taulo. Alipofunga nyumba kurudi kwao, akamwambia Kahindi aichukue. Ikaja Kilifi juu ya basi, na mtaa mzima ukatoka kuitazama. Ilikuwa na gurudumu moja la chuma, zito, mbele. Nyuma hamna kitu. Usukani upo, pedali zipo, na saa ndogo ya kuhesabu kilometa.

Jirani yangu Kanze akaizunguka mara tatu. "Mama Kavumbi, hii yaenda wapi?"

"Haiendi popote."

"Basi mwaipanda ya nini?"

"Kanze, nenda ukapike."

Sista Idah, aliyekuwa akimfanyisha Kambi mazoezi hospitalini, akaja mwenyewe kuiona. Alikuwa Mkamba wa Machakos, Kiswahili chake cha bara, lakini kazi yake aliijua. Sisi tulikuwa tumeiweka uani kwenye mchanga, kwa ajili ya kivuli. Akaisukuma kwa kidole kimoja, ikayumba.

"Hii kitu ni mzuri sana, mzee, lakini ukipandia hapa itakuvunja mguu ingine. Leteni kwa simiti."

Tukaipandisha barazani, karibu na nguzo, apate pa kushika akipanda na akishuka. Sista akakiinua kiti, akakishusha, akakiinua tena, mpaka mguu wa Kambi ulipofika chini kabisa na goti likabaki limekunjika kidogo tu. Akailegeza ile skrubu ya kukaza gurudumu. Akasema champali hazifai, zinateleza, avae raba na afunge kamba. Aanze polepole, amalize polepole. Dakika kumi, apumzike, na akizoea ndipo aongeze. Asilale juu ya usukani. Maumivu makali yakija, ashuke, asijifanye dume.

"Na ukiendesha, uwe unaweza kuongea na mama. Ukishindwa kuongea, umezidisha."

"Sista," nikamwambia, "huyu haongei hata akiwa ameketi."

Sista akacheka. Kambi hakucheka. Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe mama, hiyo leso ikae mbali na gurudumu." Nikaona ananionea bure. Wiki hiyohiyo Kanze akaipanda kwa siri nikiwa kisimani, leso ikanaswa, na niliporudi nikamkuta amekwama juu na kamisi, akimwita Mungu na mamake kwa pamoja. Ilibidi niikate kwa kisu.

Kabla ya kuondoka, Sista alizungusha uzi wa katani kwenye lile paja na kupiga fundo ulipokutana. "Kila mwezi utapima. Fundo isipofika tena, ujue paja imejaa."

Ndipo Kambi akafungua mdomo, mara ya kwanza siku hiyo. "Nitapanda?"

Hakuuliza kama atatembea, wala kama atalima. Sista akautazama mnazi, akamtazama yeye. "Daktari ndiye atasema. Lakini hii paja ikirudi sawa na ile ingine, mimi naona utapanda."

Kambi akatabasamu. Mimi sikutabasamu.

Maana mimi nilikuwa na mpango wangu. Kahindi alishaniambia kuna kazi ya geti Malindi, mtu akae kwenye kiti, afungue na afunge. Kambi kwenye kiti! Nilimpenda Kambi wa kwenye kiti, nawaambia ukweli. Kiti hakina urefu wa kuanguka.

Akaanza. Kila asubuhi baada ya chai, na kila alasiri. Gurudumu likivuma, saa ikihesabu. Kilometa hamsini. Mia moja. Watu wakipita wanamtania, "Kambi, umefika wapi?" naye anawaonyesha saa. Mia mbili. Jasho linamtoka kweli, huwezi kusema hafanyi. Mimi namwekea maji na kumfuta mgongo, na moyoni naomba vitu viwili visivyokaa chumba kimoja: apone, na asipone.

Mwezi wa Februari nikafua zile raba zake. Ya kushoto, soli ilikuwa imeliwa na meno ya pedali mpaka kitambaa kinaonekana. Ya kulia ilikuwa mpya. Nikazigeuza, nikazitazama tena, nikaelewa. Pedali zile zimeungana: ukisukuma moja, nyingine inakuja yenyewe. Mguu mzima ulikuwa ukifanya kazi yote, na ule mgonjwa umekaa juu ya pedali unabebwa, unazungushwa, unarudishwa, haukusukuma hata mara moja. Angeweza kuendesha mpaka Nairobi na paja lile lisingeongezeka hata unywele.

Nikazianika raba juani. Nikaingia jikoni, nikapika wali. Sikumwambia.

Msinitazame hivyo. Ningemwambia, angepona, angepanda. Ningenyamaza, angebaki chini nami. Nani kati yenu amewahi kusikia mumewe akigonga ardhi?

Siku ya kupima, fundo lilikuwa palepale. Mwezi uliofuata, palepale. Tukaenda hospitali, Sista Idah akaisoma ile hesabu niliyoandikiwa kwenye karatasi, akajikuna kichwa. "Kilometa mia nne! Na mguu haijaongeza kitu?" Akaniuliza mimi kama anakula vizuri. Nikasema anakula. Akaniuliza kama anaendesha kweli. Nikasema anaendesha kweli. Sikusema uongo hata mmoja, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilihisi nimedanganya hospitali nzima.

Aprili, mwenye shamba, maana minazi haikuwa yetu, akaiona inakaa bure, akaileta mikono mingine. Mgema mpya aliitwa Mwambire, kijana wa watu, mpole, hana kosa lolote. Asubuhi ya kwanza nilikuwa bafuni, nimejipaka sabuni. Nikasikia ukelele juu ya mnazi wa nyuma: "Mgema huyooo! Mgema huyooo!"

Nikavuta leso nikajifunika mpaka shingoni. Miaka kumi na tisa sikuwa nimejifunika kwa haraka hivyo. Na pale nilipokuwa nimejikunyata kwenye nyumba yangu mwenyewe kama mgeni, nikasikia gurudumu la barazani linapunguza mwendo, linapunguza, linasimama. Halikuanza tena.

Nikatoka na maji yakinichuruzika. Kambi alikuwa juu ya baiskeli, mikono kwenye usukani, macho sakafuni. Hakuinua uso kumtazama Mwambire. Mtu aliyekuwa haachi kuutazama mnazi ule, sasa hakuweza. Nilimwona mume wangu akitoweka hivihivi, mzima, yuko chini salama kama nilivyoomba. Loo, nilijichukia!

Nikachukua kinu, nikakipindua, nikakiweka kando ya baiskeli.

"Baba Kavumbi. Toa mguu wa kushoto kwenye pedali. Uweke hapa."

"Wa nini?"

"Toa!"

Akautoa. Nikaufunga ule wa kulia kwenye pedali kwa kipande cha leso, fundo fupi, ncha nikazichomeka ndani. "Haya. Sukuma."

Akasukuma. Pedali ilishuka robo, ikatetemeka, ikakataa. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Haikuzunguka hata mara moja. Kilometa mia nne na kitu zimeandikwa pale mbele yake, na hawezi kuzungusha mara moja.

Nikakaa sakafuni nikamwambia yote. Raba, soli, Februari, hospitali, kazi ya geti. Nilisema nikilia na kufoka, mimi siwezi kimoja bila kingine. "Nilijua, na nikanyamaza. Nilitaka ubaki chini. Nipige ukitaka."

Kambi akainama, akaifungua ile leso mguuni. Kisha akasema, "Mama Kavumbi, mguu ni wangu. Mimi nisijue?"

"Ala! Ulijua?"

"Tangu wiki ya kwanza. Nikiusukuma, nasikia tena ule upepo wa kuanguka. Nikawa nauacha ubebwe. Nikakuona umezishika zile raba, umezigeuza, umenyamaza. Nikasema basi, tumekubaliana." Akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini leo huyu kijana amepanda, na nimeona ni kama nimezikwa na ninasikia watu wanapita juu."

Nikamshika lile paja jembamba, nikaliegemezea paji la uso.

"Unataka nipande?" akauliza.

"Sitaki," nikasema. "Nataka unipigie hodi."

Kesho yake tukamweleza Sista Idah. Alitugombeza wote wawili kama watoto wa shule, kisha akatupa utaratibu: skrubu ilegee kabisa, mguu mgonjwa peke yake nusu dakika, mapumziko, tena. Baadaye miguu yote, lakini mkono wangu uwe juu ya paja, ili nihisi likikaza. Nililiwekea mkono kila asubuhi. Likilegea nampiga kofi. "Unabebwa!" namwambia, naye anacheka, anasukuma. Siku ya tano alizungusha mara moja. Mwezi wa pili, mara ishirini. Na akaanza kuongea akiendesha, maneno hayaishi, habari za mwaka mzima zilizokuwa zimemkaa tumboni. Mwezi wa Agosti nilizungusha uzi, na fundo halikufika.

Daktari alichelewa kumkubalia, na mimi nilifurahi kila alipochelewa. Alianza na kitamli, mnazi mfupi wa kuangulia madafu, mimi nimesimama chini nimekumbatia shina, ungedhani ningeweza kumdaka. Minazi mitatu Mwambire akamrudishia kwa heshima, na ule wa nyuma ya bafu ukiwemo. Kambi akaukata vidato vipya vyote, kimoja kimoja, virefu kuliko vya zamani.

Hakuniambia ni siku gani. Nilikuwa bafuni, Februari, mwaka wa themanini na saba, kata ya maji mkononi. Nikasikia kotama ikigusa shina. Nikasikia pumzi yake, hatua, kimya, hatua. Nikahesabu vidato. Kwenye cha kumi na nne, palepale alipoanguka, kimya kilikuwa kirefu mno, na nikauma leso nisipige kelele.

Kisha hatua nyingine. Na kutoka juu, sauti ikikwaruza kwa kukosa kazi:

"Hodi chini! Walio bafuni wajifunike, jicho langu halina pazia!"

Leso ilikuwa palepale mkononi. Nikaitundika ukutani, nikainua uso, nikamtafuta kwenye makuti mpaka nikamwona. Sikujifunika.