Benchi la Kumwombea Marehemu

Fundi alikuwa akiuranda ubao ule ule tangu asubuhi, na bado haukumridhisha. Anasukuma randa, anapitisha kiganja, anahisi kama pana kijinundu, anasukuma tena. Akiketi, anainuka. Akienda mlangoni, anarudi. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Shemeji, unaranda ubao au unamenya kiazi?" aliuliza dada wa marehemu mkewe, amesimama kizingitini na kikombe cha chai. "Endelea hivyo hivyo, utabaki na maranda matupu."

"Niache. Hili si benchi la kilabuni."

Kweli halikuwa la kilabuni. Lilikuwa benchi la mbele kanisani, na kwa jinsi fundi alivyoamini, roho ya mkewe ilikuwa inaning'inia juu yake.

Mkewe alifariki akiwa amefungiwa meza ya Bwana, haruhusiwi kushiriki mkate mtakatifu. Kosa lake? Shemeji huyu huyu alizaa nje ya ndoa, wazee wa kanisa wakamzuia kushiriki. Siku ya meza, sahani ya mkate ilipopita, mke wa fundi alichukua kipande chake, akakimega, nusu akamtia dadake mkononi mbele ya macho ya watu. Wazee wakamfungia na yeye, mpaka apige magoti mbele ya usharika mzima aombe radhi. Hakupiga.

"Nimwombe nani radhi?" alisema. "Nimemgawia ndugu yangu kitu nilichopewa bure."

Ugonjwa ukamkuta hapo hapo. Alipokufa, jeneza lake halikuvuka mlango wa kanisa. Aliombewa uani, haraka haraka, kama watu wanaokimbia mvua.

Fundi hakusoma sana, lakini samaki huanza kuoza kichwani, na hilo kulijua hakuhitaji shule. Aliwalaumu wazee kwa kila mtu aliyeleta kiti kilegevu. Shida ilikuwa akibaki peke yake. Hapo wasiwasi ulimtafuna: je, kama wanasema kweli? Kama huko alikokwenda nako alifungiwa mlango?

Ndipo Mzee Kufuli, mshika funguo za kanisa aliyebandikwa jina hilo na watoto anaowafundisha katekisimu, alipomletea neno. Atengeneze benchi, alitoe sadaka kwa ajili ya mkewe, na jina la marehemu litasomwa pamoja na waliolala katika Bwana. Fundi akashika randa. Benchi likiwa zuri, alijiambia, hata huko juu hawatakuwa na la kusema. Na kwa kuwa hakujua uzuri gani unatosha, aliranda tu.

Alasiri, ubao ukiwa umeshapigiliwa miguu, Mzee Kufuli alikuja kulikagua benchi. Alilipapasa, akaguna, akaona vyema alijaribu kwa kulikalia. Naye ni mtu wa mwili. Kwaa! Ubao ulipasuka katikati, mzee akawa sakafuni ndani ya maranda, viatu vikitazama dari.

Shemeji alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Fundi! Umenitega!"

"Pole, mzee wangu. Sikukutega. Nimeuranda kupita kiasi."

"Na mvi zako zote hizo, hujui ubao uwe na unene gani?"

"Wa kukalia najua. Wa kumwingizia mke wangu mbinguni, huo sijui."

Kicheko cha shemeji kilikatika. Mzee alijiinua, akajikung'uta. "Tengeneza jingine. Tutasubiri."

"Na hilo likivunjika, atatolewa?" Fundi alikuwa anazunguka meza yake ya kazi, hashikiki. "Mzee, katekisimu unaifundisha wewe. Mtu anaokolewa kwa nini?"

"Kwa neema tu," mzee alijibu upesi, kwa mazoea. "Kwa kumwamini Kristo, si kwa matendo."

"Basi benchi la nini?"

Mzee alivitazama vile vipande. "Benchi... ni la kukalia, fundi."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Kumbe unajua!" fundi alifoka. "Siku ile pale uani mbona hukulisema? Umeniacha nihangaike hapa, kana kwamba msalaba ulikuwa kazi nusu, nikaumalizie mimi kwa randa!"

"Kanisa lina utaratibu wake."

"Lina funguo za stoo," shemeji alidakia. "Za mbinguni umezitoa wapi?"

Mzee Kufuli aliondoka akichechemea, bila kuaga.

Fundi aliokota kipande cha ubao, akakitupa. "Dada yako alijua. Alikwenda ametulia. Mimi ndiye nahangaika."

"Na alikuwa akikuambia, shemeji. Hukumsikia, ulikuwa unagombana na wazee."

Lilimchoma hilo.

"Jumapili kaa karibu nami," alisema fundi. "Sahani ikipita, kipande changu nitakimega."

"Watakufungia na wewe."

"Na wafunge."

Mkono wake uliifuata randa, wenyewe tu. Akaitazama, akairudisha rafuni. Akaenda mlangoni, akarudi. Jumapili ilikuwa mbali mno.