Kucha za Papa Athanase

Papa tulimzika Likasi, lakini kwetu sisi wa asili ya Kasai matanga hayaishi mpaka nywele na kucha za marehemu zifike kwa ndugu zake. Kabla sanduku halijafungwa tulimkata nywele na kucha kidogo, tukafunga katika kitambaa cheupe. Halafu miaka miwili ikapita tukitafuta gari. Miaka miwili yote Mama Madeleine alivaa nyeusi. Hakumpa mtu mkono wala hakuwasha moto, maana mjane hawashi moto. Chakula chake alipikiwa. Wa kumwosha ili miiko hiyo imtoke alikuwa Baba Mdogo Alexis, huko Mwene-Ditu, Kasai, na alituambia wazi kwenye simu: bila kifurushi, haoshi mtu.

Juni hii tukaondoka Panda, mtaa wetu wa Likasi. Mdogo wangu Doudou aliendesha, pamoja nasi Mama na Glodie, mke wa Doudou. Mimi Delphine, mtoto wa kwanza, nilibeba kifurushi. Baba Mdogo aliongeza sharti: marehemu halali katika nyumba ya watu wasiomjua. Basi siku nne za njia tulilala nje, kwenye viwanja vya kando ya barabara ambako malori hupumzika, chini ya turubai lililofungwa kwenye gari. Kuna watu hufanya hivyo kwa starehe. Mgongo wangu haukuiona hiyo starehe.

Kituo cha kwanza kilikuwa baada ya Lubudi. Glodie ni mtu wa kanisa la uamsho, na huomba kwa sauti hata jirani akiwa mita moja.

"Yesu, kata kila kamba! Choma yote na moto!"

Niliposikia "choma" nikakibana kifurushi kwapani, maana watu wa kanisa lake huchoma vitu vya mila. Niseme tu ukweli, Glodie nilikuwa simpendi. Jioni ya pili, tukiwa tumesimama kabla ya Kamina, akaniuliza, akiniita yaya, yaani dada mkubwa:

"Yaya Delphine, ile kintu unalala nayo ku kichwa? Hauogope?"

"Weye lala. Njo kazi yangu minye."

Alipokwenda kunawa, nikaficha kifurushi ndani ya mfuko wa makala, yale makaa yetu ya kupikia. Nilijisifu sana. Glodie na kucha zake za rangi asingetia mkono mle, Doudou hapiki, na Mama hawashi moto. Asubuhi ningeamka mimi na kukitoa.

Harufu ndiyo iliyoniamsha. Mama alikuwa amekaa mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, viganja vikitazama moto, na mfuko mtupu miguuni pake.

"Minaona umechoka, mwanangu, njo nikawasha moto mwenyewe," akasema, kwa haya kidogo. "Bantu ba Likasi habatuone huku. Lakini ni nini inanuka? Sawa nywele."

Kati ya makaa niliona ncha ya kitambaa cheupe ikikunjika, kisha sikuiona tena.

"Ni plastiki, Mama. Makala ya huku banachanganya ovyo."

Akaitika, akasogeza mikono karibu zaidi, maana baridi ilikuwa kali.

Nilikwenda nyuma ya gari nikalia, kitenge kati ya meno. Glodie akanifuata. Alikuwa amesikia ile harufu, ameuona mfuko mtupu na uso wangu, akaelewa. Nikangoja aleluya yake. Badala yake akatoa wembe kwenye mkoba.

"Kata yako, Yaya. Weye na Papa damu ni moja. Mama asijue, ataanguka."

"Na zile kamba za maombi yako?"

"Minye naomba juu ya tumbo yangu, nipate mutoto. Haikuwa juu ya Papa."

Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikakata nywele, nikakata kucha kumi. Za Papa zilikuwa nyeusi kwa miaka ya tanuru la shaba. Zangu nikazisugua makala. Glodie akachana kitambaa chake cheupe cha maombi, akafunga yeye mwenyewe.

Kituo cha tatu, kabla ya kulala, Mama alininyooshea mkono.

"Leo nipe minye. Nilale naye ya mwisho."

Nikampa. Alikumbatia kile kifurushi kifuani mpaka asubuhi, akikisemesha polepole kwa Kiluba, na mimi pembeni sikupata usingizi.

Mwene-Ditu, Baba Mdogo alikipokea kwa mikono miwili, akaita majina yote ya Papa, akakizika kando ya kaburi la bibi. Wanawake wakapiga kelele. Nilisimama nikiangalia vidole vyangu vilivyokatwa mpaka nyamani, nikalia kuliko wote, na shangazi wakanisifu. Mama akapelekwa mtoni, akaoshwa, akarudi na kitenge cha manjano.

Wakati wa kurudi alicheka njia nzima. Alinunua nanasi, alitania malori. Tulipoipita Kamina akagonga kiti cha Doudou.

"Simama hapa! Njo hapa nilipata moto muzuri."

Kwenye majivu yetu dereva mmoja wa lori alikuwa amewasha moto wake, akichemsha maharagwe. Mama akashuka, akampa mkono, mkono wake wa kwanza kumpa mgeni baada ya miaka miwili, akaomba nafasi ya kuota moto. Doudou akamfuata na kiti.

"Delphine, kuya!" Mama akaniita nishuke. "Kuya upate moto!"

Glodie akanishika mkono. Mimi sikushuka garini.