Swichibodi ya Mzee Theodory

Kwa miaka kumi na tisa Mzee Theodory, asiyeona, alipokea simu za kampuni moja ya kahawa mjini Moshi. Kwenye swichibodi ya zamani, laini ikiita, kibati chake kilianguka. Alikipapasa, akachomeka waya. Mpiga simu akisema haloo tu, alishamjua. "Mama Valerian wa kule Mkuu! Mguu wa mtoto unaendeleaje?"

Mwaka 1999 ikaja mashine ya kompyuta. Haikuwa na vibati. Anayepiga na anayetafutwa waliandikwa kwenye kioo, na kioo ukikigusa hakisemi kitu.

Magdalena, karani aliyetoka chuoni mwaka ule, alidondoshea vitufe rangi ya kucha ili viwe na vipele.

"Umenipaka kucha uzeeni, mwanangu," Mzee alicheka.

Lakini kioo hakikuwa na pa kupaka. Magdalena akasoma kitabu cha mashine chote. Ukurasa wa mwisho akakuta kuwa kiwanda kinauza kifaa cha kuyasoma yale maandishi kwa sauti.

"Uwaambie kwenye kikao cha kuamua kazi yangu," Mzee alimsihi. "Nikisema mimi, wataona najitetea tu."

Siku ya kikao Magdalena alimwamkia Mzee pale mlangoni, Mzee akaitikia marahaba, naye akaingia kukaa.

"Sheria inasemaje?" aliuliza meneja, Bwana Primus.

"Inatutaka tuajiri walemavu," alijibu ofisa utumishi. "Kuhusu mashine haisemi kitu."

"Basi tulishaitimiza, tulimwajiri. Atapumzishwa mwisho wa mwezi. Kuna mwenye neno?"

Mzee Theodory aligeuza sikio upande wa Magdalena, akangoja. Magdalena alikuwa na kitabu mapajani, kidole kwenye ukurasa ule ule. Mabwana saba walikuwa wakitazama saa zao. Magdalena akakifunga kitabu.

Kikao kikafungwa.

Nje, Mzee alikuwa akitafuta ngazi kwa fimbo. Magdalena akamshika mkono.

"Ah, ni wewe," alisema taratibu. "Sikukusikia mle ndani. Nadhani mvua ilikukwamisha huko kwenu Kibosho."

Mzee alikuwa ameitikia shikamoo ya Magdalena asubuhi ile ile.

"Ndiyo, Mzee," Magdalena akasema.

"Mvua za huko nazijua," akasema Mzee, akaupapasa mkono wake, akauachia.

Mwezi uliofuata Magdalena alihamishiwa kwenye mashine. Simu ya kwanza ilitoka Mkuu. Alibonyeza, kidole kikakanyaga kipele cha rangi.

"Mzee Theodory, shikamoo!" sauti ya mama ilijaa furaha. "Valerian ametembea leo! Haloo? Mzee, mbona kimya?"